Homa Niliyoipima Asubuhi

Ujinga wangu nautangaza mwenyewe, kabla jirani hajaupeleka sokoni: nilikuwa na homa, na nikawa naipima asubuhi tu.

Sababu ni kwamba kipimajoto kilikaa karibu na kitanda, na mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wanajisifu kwa safari za Kilwa na Kipushi. Mimi safari yangu ni kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na hata hiyo ilinitoa damu. Nilipiga teke mbabula, jiko langu la bati la kuchomea makala, yaani makaa, lenye kutu, nikachanika kifundo cha mguu. Nikafunga kitambaa, nikaketi.

Mwezi wa sita Lubumbashi ni baridi ya kuuma. Kwa hiyo nilipotetemeka, nililaumu baridi. Nilipowaka moto, nililaumu mbabula. Na kila kulipokucha, kipimajoto kilisema niko sawa. Mke wangu alikuwa mpakani Kasumbalesa na vitenge vyake vya kuuza, akipiga simu, namjibu kama waziri: "Temperature iko bien." Hakuuliza ya saa gani, nami sikusema.

Asubuhi moja mama jirani, anayeuza makala upande wa pili wa ukuta, aliazima mbabula yangu, yake ikiwa imetoboka. Alasiri akaniletea bukari, ugali wetu, akanikuta ndani ya blanketi, jasho linatiririka, nahema kama niliyekimbizwa.

"Papa voisin," ndivyo anavyoniita, baba jirani, "iko nini?"

"Si ni hii mbabula, mama. Inachoma sana."

Akatazama miguuni pangu. Akanitazama mimi.

"Mbabula gani? Iko kwangu tangu asubui!" Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakitoa haraka. "Weye njo mbabula, weye mwenyewe!"

Nikamwambia nitapima kesho, kukicha. Alitoka kuita teksi.

Hospitalini munganga, daktari wa zamu, alifungua kitambaa, akaona mguu uliovimba, akapima presha, ikawa chini sana. Akasema uchafu wa kidonda umeshaingia kwenye damu, na mwili katika kupigana nao umeanza kujiumiza wenyewe. Tukichelewa, figo zitakufa, na mimi nitazifuata. Nikamwomba tumsubiri kwanza mke wangu.

"Dawa ya kwanza haingoji muntu," akasema, na sindano ilikuwa imekwisha kuingia.

Zilizofuata ndizo zilizopangiwa saa. Alipima damu yangu, akaangalia mkojo, akapanga kufuatana na figo zangu, si figo za mgonjwa wa kitanda cha pili. Akanieleza pia kwamba joto la mwili hushuka alfajiri na kupanda jioni. Kumbe mimi nilikuwa naibishia homa hodi wakati imelala. Kama dawa nazo zinafaa zifuate saa ya mwili, hilo wataalamu wanajifunza bado, akasema. Ila usiku wangu na mchana wangu lazima virudi mahali pake. Akamgeukia mama jirani, aliyebaki kunilinda, maana kwetu mgonjwa haachwi peke yake.

"Huyu kwa kawaida analala saa ngapi?"

"Munganga, huyu? Saa yote! Saa nane ya muchana anakoroma mpaka makala yangu inatetemeka."

Chumba kizima kilicheka, hata mgonjwa mmoja mwenye mshono tumboni, akijishika.

Tangu hapo nikaadhibiwa. Mchana pazia wazi, nimekalishwa. Nikisinzia, jirani ananichokoa mbavu kwa mpini wa kijiko. Usiku taa inafifishwa. Mimi, bingwa wa usingizi wa mchana, nikafundishwa kulala upya kama mtoto mchanga.

Asubuhi moja, presha ilipokaa sawa na joto kushuka, nilitaka kumpigia mke wangu nijisifu. Jirani akaninyang'anya simu: tungoje jioni. Tukangoja. Jua likashuka, kipimajoto kikaingia kwapani. Kikatoka. Jioni nayo ilikubali. Jirani akageukia ukuta, akajipangusa macho kwa kitenge, akadai ni vumbi la makala. Hospitalini!

Niliporudi nyumbani kiti kilikuwa pale pale, na baridi pia. Nikajikokota mpaka kwenye ukuta, nikamwomba jirani kwa heshima zote anirudishie mbabula yangu. Hakuacha hata kupima makala ya mteja.

"Sirudishe, papa voisin. Mwaka huu utasikia baridi kama bantu bengine, na ukiwaka moto, tujue unakufa."