Pampu Niliyoiita Maiti

Wiki jana kijana mmoja aliweka simu yake juu ya meza yangu hapa Nakuru, mahali ninapotengenezea simu, akasema, "Fundi, hii imededi. We itoe tu vipuri." Nilicheka mpaka akadhani namdharau. Rafiki yangu, sikuwa namcheka yeye. Mimi na hilo neno tumetoka mbali. Tumetoka Dundori.

Nililelewa na shosho, mama ya mamangu, kwa shamba la viazi huko juu, ambako asubuhi unaona pumzi yako ikitoka. Chai ilinuka moshi. Viazi tulichemsha na maganda, ukavimenya vikiwa moto, ukivirusha mkono huu na mkono ule. Na kwa shosho hakuna chombo kilichokufa. Redio ikinyamaza, imechoka: tuliitoa mawe yake, yaani betri, tukayaanika juani kando ya mahindi, na jioni ikaongea tena kwa sauti ya mtu mwenye homa. Saa ya ukutani ilikuwa inalala. Kufuli ya stoo ilikuwa na hasira, na ukiitukana haifunguki.

Halafu nikaingia darasa la tatu. Mwalimu wa Kiingereza alisimama mbele yetu na tochi isiyowaka, akatuimbisha: the torch is dead, tochi imekufa. Betri ni flat. Simu iko dead. Injini ikikubali, iko alive, hai. Aki nilipenda hayo maneno! Mafupi, yamekata shauri. Nilirudi nyumbani nikazunguka boma kama daktari. Pasi, dead. Redio, dead. Kufuli, dead.

"Na mimi je?" shosho akauliza.

"Wewe uko alive."

"Asante, daktari. Sasa leta kuni."

Msimu huo ukungu ulishuka siku tatu bila kuinuka. Aliyepanda viazi anajua: ukungu ukikaa, majani yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto, na kiazi kinaoza chini kabla hujakiona. Lazima upige dawa jua likichungulia tu. Pampu yetu ilikuwa ya shaba, ya kubeba mgongoni, guka, yaani babu, aliipata alipofanya kazi kwa shamba la mzungu. Asubuhi hiyo shosho aliijaribu na maji, ikatoa hewa tupu. Akaiegemeza ukutani, akaenda kwa jirani bila kuniambia anafuata nini.

Ndipo akapita mtu wa vyuma kuukuu na baiskeli yake, yule wa kubadilishana na mabeseni.

"Kuna kitu hapo, kadogo?"

Nikamwonyesha pampu. "Iko dead," nikasema, na roho safi kabisa. Aliipima kwa mkono, akanipa beseni ya bluu, akaondoka haraka kidogo. Nikakaa mlangoni na beseni yangu, nikimngoja shosho nimpe zawadi.

Alirudi na kipande cha ngozi ya kiatu. Akaangalia ukuta, akaangalia beseni. Nilipomweleza, hakunipiga. Aligeuka akatazama zile safu za viazi, moja baada ya nyingine. "Hicho ndicho chakula chetu mpaka Krismasi," akasema polepole, halafu akanishika mkono. Tuliteremka mbio, yeye na gambuti zake, mimi na beseni kichwani.

Tulimkuta kwa kona ameshika nyundo, anataka kuibonda pampu ikae vizuri kwa mzigo.

"Weka hiyo nyundo chini!"

"Mathe, huyu wako ndiye alisema imekufa."

"Huyu ni daktari wa wiki moja. Chukua beseni yako."

Alijaribu kuomba aongezewe kitu. Shosho akamwangalia tu, vile huangaliwa mbwa aliyeingia jikoni. Nyundo ikashuka.

Nyumbani aliifungua. Ndani kulikuwa na ngozi ndogo ya mviringo, imekauka ikawa kama ubao. "Koo tu," akasema. Akakata nyingine kwa ile ya kiatu, akailoweka kwa mafuta ya kupikia yaliyopata moto kidogo, akairudisha. Nikapewa mpini nipige. Mara ya nne, ya tano, hewa. Kisha mpini ukawa mzito mkononi, na maji yakatoka yakiimba. Jua lilitupa nafasi ya kama masaa mawili hivi, tukapiga dawa. Tulimaliza safu ya mwisho ukungu ukiturudia miguuni. Shamba la jirani liliungua nusu. Letu lilisimama.

Tangu siku hiyo sitangazi kitu maiti kabla sijakifungua, hata simu ya yule kijana; wateja wanalijua hilo, na ndiyo maana najua meza hii itakuwa duka la vioo, we ngoja tu.

Shosho hayuko tena. Shamba lilikatwa ploti, ni nyumba za mawe na matangi meusi ya maji. Mwezi uliopita nilipanda huko juu. Ukungu ulishuka mzito, vilevile, nikajikuta nimesimama njiani, nikitafuta jua kwa macho. Mama mmoja akaanua nguo zake, akaingia ndani, akafunga mlango. Pande zote hapakuwa na jani hata moja la kiazi la kuogopea.