Hotipoti Iliyorudi Tupu

Siku tatu baada ya Idi, shangazi yangu alinirudishia hotipoti tupu. Alikuwa ameiosha na kuikausha, hata mfuniko ameupangusa. Asiyejua mambo ya kwetu Tanga atasema mama huyu ana adabu. Anayejua atashika shavu, maana hilo ni kofi.

Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea pilau, sahani yake unairudisha na chochote ulichonacho: ndizi mbili, sukari kwenye karatasi, ukikosa kabisa hata ndimu. Shangazi alihama na sheria hiyo mpaka Saltley, mtaa wa Birmingham, kwenye zile nyumba zilizobanana kama meno. Niliwahi kumwona akimrudishia jirani yake Mpakistani sahani yenye kitunguu kimoja, kwa sababu siku hiyo ndani hamkuwa na kingine. Jirani alikiangalia kile kitunguu kwa muda mrefu.

Sasa mtu huyo alichukua hotipoti yangu, ile kubwa nyekundu yenye maua niliyoinunua Alum Rock Road, akala pilau yangu ya Idi, kisha akapanda basi mpaka Balsall Heath, kwenye mgahawa nilikokuwa naosha masufuria. Akaikabidhi kwa mtu wa mlangoni. Hakuniulizia.

Sababu niliijua. Siku ya Idi yenyewe, jioni, nilikuwa Kings Heath nimeshikana mikono na dereva wa basi. Hakuwa kazini, msiwe na wasiwasi. Alikuwa kijana wa Kijamaika aliyezaliwa Birmingham, mwenye kicheko cha kutikisa vioo, na tulikuwa na mwaka mzima pamoja. Mtu fulani wa nyumbani alituona mbele ya duka la viatu. Sijui alitumia usafiri gani, ila habari zilifika Saltley kabla yangu.

Shangazi ndiye aliyenipokea nilipoingia nchi hii, akanipa kitanda, koti, na wachumba watatu wa kike kwa mpigo. Wachumba niliwakwepa mmoja mmoja kwa visingizio ambavyo hata mimi vilinichosha. Kwa hiyo sikushangaa kwamba alikasirika. Nilichotaka kujua ni kama ameniacha kabisa, na hakuna mtu wa kumuuliza swali kama hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Mimi nikiumia huwa natembea. Ni tabia ya zamani. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua treni inayopita nyuma ya darasa inaishia wapi. Ilikuwa ya mizigo, na safari yangu iliishia polisi. Birmingham nimekaa vyumba kumi na kimoja. Safari hii nilikwenda stesheni, nikasoma ubao wa treni, nikachagua jina nisiloweza kulitamka hata kidogo, nikakata tiketi.

Treni iliingia Wales, ikaanza kupanda. Nilishuka kwenye mji mdogo uliozungukwa na milima pande zote, kama mtu aliyekaa katikati ya mashangazi. Barabara moja, makanisa manne, kondoo wasiohesabika, na mvua inayonyesha kwa ubavu. Hoteli ya wapanda milima ilikuwa inatafuta mtu wa kuosha vyombo. Nikaona ajabu: dunia nzima inanisubiri mimi nioshe. Nikakubali, nikapanga chumba juu ya duka la misumari na rangi.

Nilijiandaa kwa mabaya. Mtu mweusi, Mwislamu wa Idi mbili kwa mwaka, mwenye mpenzi mwanaume mwenzake, kwenye mji ambao hata mbwa wanajuana kwa ukoo? Nilihesabu wiki moja, halafu nirudi.

Wenye lile duka walikuwa wazee wawili wanaume. Jumatatu ya kwanza niliwauliza kwa upole kama ni ndugu. Wakatazamana.

"Ndugu?" akasema mmoja. "Na uso kama ule?"

"Tuko pamoja miaka thelathini na moja," akasema mwenzake. "Ningekuwa nimeua mtu ningeshatoka jela."

Mji mzima ulijua. Kitu pekee ambacho watu walikuwa hawawasamehe wale wazee ni mbwa wao, aliyekuwa akikojolea mlango wa benki.

Na mimi je? Dereva wangu alipokuja mwisho wa wiki, tulipita barabarani tukiwa hatujashikana mikono, kwa tahadhari. Mama mmoja wa mboga akatuita: "Nyinyi wawili mmegombana?" Kumbe shida yao ilikuwa nyingine kabisa. Walipotuuliza tunatoka wapi na tukasema Birmingham, nyuso zikaanguka. Watu wa Birmingham, nikaambiwa, wanakuja kiangazi na magari makubwa, wanafunga barabara, wanaacha mageti wazi na kondoo wanatoka. Kupenda wanaume nilisamehewa hata kabla sijaomba. Kutoka Birmingham, kesi bado inaendelea.

Jirani yangu wa upande wa pili alikuwa bibi mjane, mfupi, mwenye buti za mpira muda wote kama vile nyumbani kwake kuna mto. Siku ya tatu alibisha hodi na sahani ya keki nzito ya zabibu, ile ambayo zabibu zake hulowekwa kwenye chai. Nikala. Ilikuwa tamu. Sahani nikairudisha na maandazi.

Kesho yake sahani ikarudi na jamu.

Nikampelekea kaimati. Akaleta pai ya tufaha. Nikapeleka katlesi, akaleta biskuti. Nilikuwa nikiamka siku yangu ya mapumziko na kukanda unga kama mtu aliyehukumiwa. Dereva wangu, kila akija, alikuwa analegeza mkanda tundu moja. Hivyo hivyo karibu miezi mitatu, mpaka asubuhi moja bibi akanisimamisha kwenye ngazi, akashika ukuta.

"Mwanangu," akasema, "nakuomba. Nina miaka sabini na nne. Niruhusu nipumzike."

"Mimi ndiye ninayekuzuia?"

"Wewe hukomi! Nikileta sahani, inarudi imejaa. Nitakaaje nacho chakula cha mtu bila kumpa kitu?"

"Lakini bibi, mimi siwezi kurudisha sahani tupu. Ni matusi."

Akaniangalia. Nikamweleza sheria ya kwetu yote, pamoja na kile kitunguu. Akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akavua miwani.

"Kwa hiyo inaisha lini?"

"Haiishi. Labda watu wagombane."

Akafuta macho, akanyanyua kidole kuelekea jikoni kwangu. Mlango ulikuwa wazi. Hotipoti nyekundu ilikuwa juu ya kabati, na maua yake yote.

"Kila nikija naiona ile. Hujaitia kitu hata siku moja. Umegombana na nani?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, lakini watu waliovaa buti wana namna ya kukutoa maneno. Akasikiliza, halafu akauliza kitu ambacho mimi, mwenye sheria, sikuwahi kujiuliza.

"Alipokurudishia tupu, ulimpelekea nini?"

"Sikupeleka kitu. Alishamaliza."

"Amemaliza yeye. Wewe je?" Akasimama kwa kujisukuma. "Naoka keki. Utaipeleka."

"Isiwe na mafuta ya nguruwe."

"Ni siagi, wewe mtoto. Nimeishi na duka la nyama jirani yangu miaka arobaini, sijawahi kutia nguruwe kwenye keki."

Jumamosi nikateremka na treni, hotipoti mapajani, dereva wangu pembeni akila makombo aliyoyakwangua kwenye sufuria ya bibi. Alibaki stesheni kunywa chai. Nilikwenda Saltley peke yangu.

Shangazi alifungua mlango kwa upana wa bega lake. Hakuniambia karibu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimeongezeka kilo tisa."

"Umekonda usoni." Akaitazama hotipoti. "Nini hiyo?"

"Keki. Kaoka bibi mmoja jirani yangu. Ametia siagi tu, nimemuuliza."

"Bibi wa wapi?"

"Milimani. Nimehamia huko."

"Huko kuna msikiti?"

"Kuna kondoo."

"Mjinga wewe." Lakini mkono ulishatoka. Akaipokea, akaipima uzito kama anavyopima nyanya sokoni. Kisha, akiwa anaangalia gari lililoegeshwa nyuma yangu: "Na huyo wa basi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Stesheni. Anakunywa chai."

"Umemwacha mtu stesheni kama mzigo?" Akakasirika kwelikweli, na kwa sekunde moja nilidhani atasema nimlete. Hakusema. "Subiri hapo," akasema, akafunga mlango.

Nilisubiri kwenye manyunyu. Ndani nilisikia kabati likifunguliwa, kitu kikimiminwa, shangazi akijisemea. Aliporudi, hotipoti ilikuwa nzito.

"Usifungue mpaka ufike."

"Keki umeitoa?"

"Ningeirudisha na keki yenu wenyewe? Nenda, utachelewa treni."

Niliifungua kabla hatujatoka Birmingham, bila shaka. Ndani kulikuwa na choroko mbichi. Hazikuwa za dukani, zile safi za mfuko wa plastiki. Zilikuwa choroko za Tanga, anazoletewa na wageni ndani ya masanduku yao, ambazo huzifungia kabatini kama dhahabu na hajawahi kumgawia mtu hata kikombe. Na zilikuwa na mawe. Shangazi angeona afadhali afe kuliko kumpelekea mgeni choroko ambazo hazijachambuliwa.

Dereva wangu alichungulia. "Hii ni habari njema au mbaya?"

Nilifikiri mpaka milima ilipoanza kuonekana. Hakunipikia, hilo lilikuwa wazi, wala hakuniita ndani. Lakini mgeni hupelekewa zilizochambuliwa. Zenye mawe wanapewa watu wa nyumbani, kwa sababu wao ndio hukaa mkekani wakachambua.

Nilimwambia sijui. Nikaifunika, nikaikumbatia mpaka mwisho wa safari.

Jumapili tulizimwaga zote mezani, sisi wawili na bibi wa buti. Ilituchukua mchana mzima. Bibi alikuwa na macho mabovu na vidole vizuri, alitoa mawe mengi kuliko sisi wote, akayapanga mstari pembeni ya kikombe chake. Nilizipika kwa nazi ya kopo. Akala sahani mbili, akafuta mdomo, kisha akaiona hotipoti juu ya sinki, imeoshwa, inachuruzika maji.

"Zamu ya nani sasa?" akauliza, ingawa alishajua.

"Yetu."

Akaguna guno refu la mtu wa miaka sabini na nne, akavuta buti zake, akaenda kuwasha jiko.