Ukurasa wa Nne wa Bi Eufemia

Ukitaka kumchokoza Bi Eufemia Gallegos, mwambie mahakama ni jaji. Atapandisha miwani juu ya nywele na kukuuliza, "Na kiti anachokalia kilikuja kwa miguu yake? Na mkalimani je, ameota kama uyoga?" Kisha atacheka mpaka nawe ucheke. Miaka ishirini na saba yuko Santa Fe, kwenye ofisi ya utawala wa mahakama za jimbo letu la New Mexico. Ana meza moja, simu moja, na ramani iliyojaa pini. Kazi yake ni kuhakikisha kila anayeingia mahakamani, hata huku kwetu mpakani mwa nchi ya Wanavaho, wenyeji wa asili wa Marekani, anasikia kinachosemwa kwa lugha yake.

Moyo huo aliupata utotoni. Bibi yake alijua Kihispania tu, na Eufemia wa miaka minane ndiye aliyekuwa mdomo wake kila ofisi. "Siku moja nikatafsiri vibaya maneno ya daktari," aliniambia, "bibi akanywa dawa ya wiki nzima kwa siku mbili. Alipona, mbishi yule! Mimi ndiye ambaye sikupona."

Mimi naitwa Verna Manygoats, karani wa mahakama. Nampenda sana mama huyu, na ndiyo maana naona haya kusimulia sehemu yangu katika kisa hiki. Lakini nitaisimulia.

Februari ile tuliita watu ili tuteue wazee wa baraza, wale raia kumi na wawili wanaoamua kesi. Tunawaita wazee hata kama mmoja ana miaka kumi na tisa na chunusi tele. Mshtakiwa alidaiwa kuiba tela la farasi. Kati ya walioitwa alikuwemo Bi Glenabah Etsitty, mfugaji wa kondoo, miaka sabini na saba, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea chumvi. Alishaitwa mara mbili zamani, na mara zote mbili akarudishwa nyumbani kwa sababu ya lugha. Safari hii alikuja na vito vyake vyote vya feruzi, shingoni na mikononi.

"Kaka yangu alihukumiwa humu humu," aliniambia kwa Kinavaho. "Nilikaa benchi la nyuma kutwa nzima, sikuambulia neno. Leo nataka kukaa mbele. Wakinirudisha tena, mwanangu, ndiyo basi. Sina umri wa kungoja mara ya nne."

Bi Eufemia alikuwa amepiga simu kumi na moja kumtafutia mkalimani, akampata Leland Tohtsonie wa Shiprock. Leland alipoingia, wakasalimiana kama ilivyo desturi, kila mmoja akitaja ukoo wa mama yake na ukoo wa baba yake, maana kwetu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana. Bi Glenabah akapiga makofi. "Ukoo wa Maji Machungu? Kumbe mjukuu wangu! Mbona umekonda hivi?"

Jaji wetu alikuwa na miezi mitatu tu tangu atoke Boston. Mtu mwema, ila mgeni ni mgeni. Akauliza swali la kila siku: "Kuna yeyote mwenye undugu na mtu aliyemo humu ndani?"

Lo! Bi Glenabah akasimama, maana alikuwa ameapa kusema kweli, na asubuhi alishaulizia koo za kila mtu humo. "Huyu mkalimani ni mjukuu wangu. Yule askari wa mlangoni ni mdogo wangu. Karani yule ni binti yangu. Na wakili wa serikali mwenye tai nyekundu ni mkwe, ameoa kwetu. Harusini hakunialika, lakini nimemsamehe."

Leland akatafsiri yote, hakuacha kitu. Jaji akaweka kalamu chini. "Mkwe wake?" Wakili akawa mwekundu kuliko tai yake. Jaji akasema kwa upole kwamba hana namna, itabidi mama huyu aachiwe aende nyumbani, ila kwanza tupumzike dakika kumi. Bi Glenabah akaanza kukunja shali yake polepole. Moyo uliniuma, jamani.

Nikakimbilia simu. "Bi Eufemia, wanamrudisha! Jaji kasikia undugu wa ukoo, kadhani ni wa damu!"

"Ukurasa wa nne!" akapiga kelele. "Kijitabu cha kijani, cha majaji! Nimekaa na wazee wa Kinavaho miaka miwili kukiandika. Kiko wapi?"

"Kiko... chini ya mguu wa meza ya kahawa. Ilikuwa inayumba. Nilikiweka mimi."

Akaangua kicheko. "Angalau meza imefaidika! Kitoe, we mwanamke, kimbia!"

Nilikivuta, kahawa ikamwagika, nikamfikishia jaji kikiwa na duara la mguu wa meza kwenye jalada. Akasoma ukurasa wa nne mara mbili. Tuliporudi, akauliza kama ulivyoelekeza: "Mama, kabla ya leo uliwahi kuonana na watu hawa? Mliwahi kula pamoja? Utaona haya kuwakatalia?"

"Kuonana? Leo ndiyo mara ya kwanza," akajibu. "Na kukataa? Hata mwanangu wa kumzaa nimemnyima farasi."

Ukumbi mzima ulicheka, jaji naye. Wakili wa utetezi hakupinga, wala mkwe hakuthubutu. Leland akala kiapo kingine, kwamba atafuatana naye hadi chumba cha maamuzi, atatafsiri tu, neno lake mwenyewe hatatia. Bi Glenabah akaketi mbele.

Jumatano wakatoka na uamuzi: hana hatia. Bi Eufemia alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tatu na kopo la biskuti za mdalasini, akakaa benchi la nyuma kabisa. Nikawauliza wazee mmoja mmoja kama uamuzi ni wao. Zamu ya Bi Glenabah ilipofika, alisimama na kusema kwa lugha yake, sauti ikafika mpaka mlangoni: "Aoo'!" Leland akatafsiri, "Ndiyo." Bi Eufemia alikuwa analia waziwazi, pua imekuwa nyekundu.

Nje ya ukumbi nikawakutanisha. Bi Glenabah akamshika mikono yote miwili, akamwuliza koo zake, mimi nikitafsiri.

"Sina ukoo, mama. Nina simu tu," akajibu Bi Eufemia.

Bi Glenabah hakumwachia mikono, akageukia mlango wa jaji. "Verna, nenda kamwambie yule kijana wa Boston niliapa vibaya. Nilimsahau binti mmoja."