Baba Mkwe Haitambui Sauti Yake, na Ile ya Asili Nimeifuta

Admin, naomba unifiche vizuri, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasoma mpaka komenti. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa, kwetu ni Singida ila naishi Dodoma mjini. Kazi yangu ni kurekodi muziki. Studio yenyewe msiifikirie sana, ni chumba cha uani nilichobandika magodoro ukutani, maiki moja na kompyuta ya mtumba. Najua kuna wanaume wataanza na "mwanamke na studio wapi na wapi". Mkimaliza kucheka mnisaidie.

Kwenye kazi yetu kuna vidude vinaitwa plagini. Unaviongeza kwenye kompyuta, vinasafisha sauti, vinatia mwangwi, vinanyoosha pale mwimbaji alipoteleza. Vya kununua siviwezi, mimi ni wa vya bure. Nikisikia kuna plagini imetolewa bure, nimeshaipakua kabla hujamaliza kunisimulia. Mume wangu hunitania kwamba naokota plagini kama wenzangu wanavyookota kuni. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ni dhaifu, ukifungua plagini tatu nne inaganda. Kwa hiyo nina utaratibu wangu: nikishainyoosha sauti naihifadhi hivyo hivyo ilivyonyooshwa, halafu ile ghafi naifuta nipate nafasi. Nimewafanyia hivyo wateja wote na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mwaka jana baada ya mavuno baba mkwe alikuja kututembelea kutoka Gulwe. Ni mkulima tu wa Kigogo, lakini akishika zeze lake watu wanasahau kula. Harusi zote za ukoo anaimba yeye. Mume wangu akaniomba nimrekodi. Mzee akakaa mbele ya maiki akaniuliza, "Mkwe, nikitazame hiki chuma au nikutazame wewe?" Nikamwambia, "Nitazame mimi, baba." Akaimba wimbo wa kumuaga binti anayeolewa, aliofundishwa na mama yake mzazi. Nilisisimka mwili mzima, na mimi Kigogo chenyewe nakisikia kwa kuungaunga.

Wiki hiyo nilikuwa nimepata plagini mpya ya kunyoosha sauti, ya bure, na mikono ilikuwa inaniwasha. Nikampitisha mzee humo. Sasa Wagogo wanapoimba hawafuati kinanda. Sauti inapanda, inateleza, inatetemeka njiani, na utamu wote uko hapo. Plagini haijui hayo. Kila mzee alipoteleza ikamsimamisha wima kwenye noti ya kinanda, na mimi niliyekulia kwaya ya kinanda nikaona kazi imetulia. Nikaurusha kwenye grupu la ukoo, mawifi wakajaza makopakopa. Nikafuta ile ghafi kama kawaida yangu.

Miezi michache baadaye mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala na hawezi kuongea, ingawa anaelewa kila kitu. Mwezi uliopita tulikwenda kumwona. Mama mkwe akasema tumwekee wimbo wake, huenda akisikia sauti yake ulimi utafunguka. Mume wangu akaweka simu kifuani kwa baba yake. Mzee akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akaisukuma simu kwa ule mkono mzima mpaka ikaanguka chini. Machozi yakamtoka.

Mama akaniuliza, "Mkwe, huyu mtu uliyemweka humu ni nani?"

Nikasema, "Ni baba, mama. Ni mashine tu imemnyoosha kidogo."

"Aliyenyooka simtaki mimi. Kaitoe hiyo mashine, uniletee mume wangu alivyokuwa."

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akadakia: "Mama, usilie, ataitoa. Ni kubonyeza tu, mke wangu ni fundi." Nikanyamaza. Ndugu zangu, nikanyamaza kweli.

Tangu siku ile nahangaika peke yangu. Nimejaribu programu za kurudisha vitu vilivyofutwa, hakuna kitu. Fundi wa kompyuta amenieleza kwamba nafasi ile nimeshaijaza kazi nyingine, nisijisumbue. Nikaomba video za harusi kwa wifi, akanitumia moja ambayo ni vigelegele na ngoma mwanzo mwisho, mzee anaonekana mdomo tu. Nikajaribu kuipinda tena ile sauti iliyonyooshwa kwa plagini nyingine, ikatoka kama ya mlevi. Mume wangu akiniuliza "bado tu?" namwambia kompyuta inaganda. Yeye ananiamini, anataka hata kunitafutia kompyuta nyingine, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Juzi mama mkwe amepiga simu. Nilipompa shikamoo tu nikasikia sauti yake imechangamka, mpaka nikaogopa. Akasema Jumamosi wanakuja wote wawili, wamepata gari la mtu. Nikamwambia, "Mama, msimtese mgonjwa na safari, nitawatumia kwa simu." Akacheka. "Ni yeye mwenyewe anayetaka. Nilimwambia mkwe wako anaitoa ile mashine, akanishika mkono. Siku hizi anamaliza uji wote. Anataka akae pale pale alipoimbia, asikie unavyoitoa."

Kuna rafiki yangu ananiambia nitafute mzee mwingine wa Kigogo aimbe, niwadanganye. Siwezi. Baba mkwe ameshaikataa hata sauti yake mwenyewe, ya mtu mwingine ataipokea? Na nikisema ukweli, naogopa atakiweka kikombe cha uji chini asikishike tena.

Jumamosi ni keshokutwa. Mzee atakaa kwenye kiti changu, atanitazama mimi kama nilivyomwelekeza siku ile, atasubiri nibonyeze. Na hapo hakuna cha kubonyeza. Nishaurini jamani, mtu ambaye hawezi hata kunitukana, nimwambieje kwamba nimeifuta sauti yake?