Siku Tisa za Karakana

Kwa ukali, Mama Gundi hakuwa na mpinzani katika ofisi nzima ya kumbukumbu za mkoa. Miaka thelathini na moja alikuwa akishona na kujalidi madaftari ya serikali, na ole wako uyaguse kwa mikono iliyolowa.

Basi alipoletewa mgeni kutoka makao makuu, mwandishi wa historia mpya ya taifa, hata kiti hakumpa.

"Dada, nasikia mnadai mgomo wa reli ulianzia hapa," mgeni alisema.

"Hatudai. Ulianzia hapa."

"Vitabu vyote vinasema ulianzia makao makuu, mikoa ikafuata."

"Si mmeviandika nyinyi! Baba yangu alikuwa wa tatu kuweka nyundo chini kwenye karakana ya hapa. Siku tisa kabla yenu! Leo watoto wetu wanakaririshwa kwamba tulifuata mkumbo. Hamna haya?"

Baba mwenyewe alikuwa hai bado, kipofu, kitandani nyumbani kwa bintiye. Asubuhi hiyo alikuwa amemng'ang'ania mkono: "Usikubali aondoke bila kuandika."

"Mzee namwamini," mgeni alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini kitu. "Lakini nioneshe tarehe."

"Utaiona mpaka uchoke."

Akaleta daftari la zamu la karakana. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa amelikuta limetafunwa na mchwa, akalishona upya. Akafungua ukurasa wa mgomo. Majina kumi na saba, la tatu la baba yake, yote yamepigwa mstari mwekundu kwa kutofanya kazi.

"Tarehe?"

"Hapo juu."

Hapo juu hapakuwa na kitu. Akafunua ukurasa uliofuata, akarudi nyuma kurasa tatu. Karani wa enzi zile alikuwa akiandika tarehe juu kabisa, ukingoni, na ukingoni sasa zilibaki ncha za chini za tarakimu tu. Daftari likishashonwa, fundi hulitia kwenye mashine, hukata kingo zilizochakaa ili kurasa zilingane. Yeye alikata kwa bidii ya mtu mpya kazini, mkuu wake akamsifu mbele ya watu. Tangu hapo alilifungua kutazama jina la baba tu. Tarehe aliijua kutoka mdomoni mwa mzee.

"Nani alijalidi hili?"

Angeweza kumsingizia fundi yeyote aliyekwisha kufa.

"Mimi."

Mgeni alicheka kwa pua. Akaandika mbele yake, bila kuficha: mkoa nao uliunga mkono. Mama Gundi alitamani kumtia yeye na kalamu yake kwenye ile mashine.

Nyumbani, kabla hajavua viatu, mzee akauliza, "Ameandika?"

Alimweleza yote, hakuficha hata kipande.

"Askari walinivunja mbavu niseme siku ile haikuwepo, nikakataa," mzee akasema. "Kumbe wa kuifuta nimemlea mwenyewe. Hebu niondokee hapa."

Mpangaji wa nyumba ile alikuwa Mama Gundi, kodi alilipa yeye. Alitoka nje, akasimama kwenye jua, viatu bado hajavivua.