Mama Mkwe na Gari Lililopenda Kushoto

Safari hii ilikuwa na sababu moja tu: macho ya mama mkwe wangu. Mtoto wa jicho alikuwa ameshalifunika la kulia na sasa ameanza la kushoto, lakini kila akiambiwa ashuke Morogoro mjini kwa daktari, alikataa. Mke wangu Yustina alibembeleza, akalia, akanuna. Mwishowe mama akakubali, kwa sharti kwamba nimfuate mimi mwenyewe huko kwao Nyandira, maana basi humtapisha. "Akigeuzia njiani, usitegemee atakubali tena," Yustina aliniambia. Nikamjibu aniachie mimi.

Gari lenyewe ni pikapu ninayobebea viti na mahema ya sherehe. Mbele ilikuwa imeinama, nyuma iko juu, na vijana wa mtaa wa Kihonda walizoea kunicheka kwamba gari langu linasujudu mchana kutwa. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto, lakini maneno hayo yaliniuma. Siku moja kabla ya safari nikampelekea fundi Shabani, akaweka springi ndefu za mbele mpaka pikapu ikakaa sawa, kifua mbele. Nikaizunguka kama bwana harusi mbele ya kioo.

"Bosi, bado," Shabani akasema. "Ukiinua mbele, ekseli inahamia upande. Kuna chuma kinaishikilia, kile lazima kirefushwe. Na vyuma vya usukani nimevilegeza, havijapimwa. Niachie kesho."

Nikamwambia kesho nina safari, na kwamba kwa macho yangu gari liko sawa kabisa. Akakaza kwa makadirio, akanisisitiza nikirudi nimpelekee moja kwa moja. Yeye alikuwa anatazama magurudumu. Mimi nilikuwa natazama boneti.

Asubuhi niliondoka mjini nikiwapungia mkono watu nisiowajua. Kwenye lami, ili gari liende mbele, usukani ilibidi ukae upande, na nikiulegeza tu, gari linaelekea kushoto. Nikajiambia ni mteremko wa lami. Sangasanga nikaiacha lami, nikajiambia ni vumbi. Baada ya Mlali tukaanza kupanda mlima, mimi na gari langu, na kushoto kukawa bonde. Hapo visingizio vikaniishia. Nilifika Nyandira vidole vimekakamaa, nikashindwa hata kumpa mtu mkono vizuri.

Nyandira kulikuwa na baridi, na magunia ya kabichi yalisubiri gari barabarani. Mama alikuwa tayari, kajifunga vitenge viwili, kakumbatia mkoba. Pembeni yake alisimama kaka yake, mjomba Longini, naye kavaa koti la kanisani. Alikuwa na kazi maalumu. Mama ni mtu wa heshima za zamani: hawezi kukaa bega kwa bega na mkwe wake, na tangu nimuoe binti yake hajanisemesha zaidi ya salamu. Neno lolote hupitia kwa mtu wa tatu, hata tukiwa chumba kimoja. Basi mjomba akae katikati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akamgeukia kaka yake. "Muulize mkwe, barabara ni nzuri?"

"Anauliza, barabara ni nzuri?"

"Mwambie nzuri sana."

Tulikuwa watatu kwenye kiti kimoja.

Kuelekea Langali nilipumua kidogo, kwa sababu kwenye kushuka kushoto kulikuwa na ukingo wa mlima. Lakini gari lilikuwa limeupenda ule ukingo. Matawi yakaingia dirishani, majani yakamwagika mapajani kwa mama.

"Muulize mkwe, anachuma mboga?"

"Anauliza, unachuma mboga?"

"Mwambie nakwepa mashimo."

Shimo halikuwepo. Mbele kidogo barabara ikapinda, bonde likahamia kushoto, na gari likalifuata. Niliukata usukani kwa nguvu zote. Mjomba akamwita Bikira Maria kwa sauti. Tuliposimama, mama alishuka na mkoba wake, akaketi juu ya jiwe kandokando ya shamba la njegere.

"Mwambie macho yangu ni mabovu, lakini tumbo langu linaona. Gari hili linakwenda kushoto. Mimi narudi nyumbani kwa miguu."

Niliona aibu, na kuliko aibu niliogopa. Akilini nilimuona Yustina mlangoni akinipokea peke yangu. Nikamwambia mjomba ukweli wote, kuanzia kicheko cha Kihonda hadi fundi niliyemkatalia. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Lakini hakuinuka pale kwenye jiwe.

Ndipo nikaikumbuka kamba iliyokuwa nyuma ya kiti. Hiyo ndiyo kamba ninayopangia viti vya harusi. Kiti kimoja kikitoka mstarini huwa nawafokea vijana wangu kama wameua mtu. Nikaipitisha nyuma ya matairi ya mbele, kutoka ukingo hadi ukingo, nikapiga fundo kuweka alama ya upana. Nikaihamishia mbele ya matairi yaleyale: fundo halikufika. Kwa mbele, magurudumu yalikuwa yameachana.

Nikachukua spana, nikalala chini ya gari, penye vile vyuma vya usukani alivyovikaza Shabani kwa makadirio. Mjomba akashika kamba kulia. Kushoto hakukuwa na mtu. Baada ya muda nikaona vitenge viwili vikija, na mama akaishika ncha yenye fundo, akawa analipapasa kwa kidole.

"Mjomba, muulize mama, fundo limefika ukingoni?"

"Anauliza, limefika?"

"Mwambie bado kidole kimoja."

"Anasema bado kidole kimoja."

Nikazungusha. Tukaulizana tena. Na tena. Mwisho mjomba akapaza sauti: "Jamani, mimi siyo simu! Semeni wenyewe!"

Nikiwa na udongo mdomoni, nikajikaza.

"Mama, limefika?"

Kidole chake kikalipapasa fundo tena.

"Bado kidogo, baba. Zungusha." Kisha, "Hapo. Hapohapo. Kaza."

Tulishuka polepole, usukani ukiwa bado umekaa upande, lakini gari likienda mbele. Tulipofika Mlali, mama alikuwa amesinzia.

Hospitalini walianza kulifanyia upasuaji jicho la kulia. Kesho yake likafunguliwa bandeji, na mama akatoka nje, Yustina akiwa amemshika mkono. Mimi nilisimama kando ya pikapu. Mama akaitazama. Akatazama upande wa kushoto, akaenda wa kulia, akarudi kushoto.

"Mkwe."

Mjomba akajiweka tayari kupokea ujumbe. Mama akampita.

"Gurudumu hili limetoka nje kuliko lile."

Nikainama. Ilikuwa kweli: la kushoto limechungulia nje ya bodi, la kulia limejificha ndani. Ekseli nzima ilikuwa imehama, kama alivyosema Shabani, na mimi mwenye macho mawili mazima nilikuwa nimelipita siku zote hizo. Yustina akaanza kulia. Sijawahi kufurahi hivyo kukosolewa.

Nilijifunza kwamba gari likiinuliwa pua, fundi apewe siku yake. Shabani nilimpa mbili. Akakirefusha kile chuma, ekseli ikarudi katikati, na mama mwenyewe akaja gereji kukagua.

Tukapanda tena Nyandira. Njia nzima mama aliniambia mwenyewe kila shimo, mengine kabla sijayaona. Mjomba Longini, aliyekaa katikati yetu kama kawaida, alilala usingizi kuanzia Sangasanga.