Marufuku ya Tatu

Baba alifundisha hesabu Kimilili mpaka kiharusi kilipomwangusha. Wanafunzi walimjua kwa jambo moja. Ukipewa sehemu mbili zenye x, moja igawanywe kwa nyingine, usifanye chochote kabla hujaandika kando zile namba ambazo x haiwezi kuwa. Aliziita marufuku. Ukisahau hata moja, ulisimama mpaka uipate. Mimi bintiye alinisimamisha mbele ya darasa zima, na nilimnunia wiki nzima.

Likizo ya Agosti nilitoka Kitale, ninakofundisha hesabu pia, nikamkuta nyumbani Bungoma amevaa tai. Ati muhula ujao anarudi kazini. Mkono ulikuwa umepata nguvu, ulimi umefunguka. Mkuu wa shule yake alikuwa ameniomba nimwambie ukweli, kama Baba anaweza kazi au la. Nilikasirika. Kwa nini mimi?

"Mjaribu wewe," Mama akaniambia jikoni. "Mtu wa nje atamwaibisha."

Basi nikamwandikia Baba swali la kidato cha pili: x jumlisha moja juu ya x toa mbili, igawanywe kwa x toa tano juu ya x jumlisha tatu.

"Unanidharau, mwalimu mwenzangu," akasema, akicheka.

Akatazama chini ya sehemu ya kwanza, akaandika mbili. Chini ya ile ya pili, akaandika hasi tatu. Kisha akaigeuza ya pili, akazidisha, mwandiko wake safi kama zamani, akanisukumia karatasi.

Tano haikuwepo. Ile x toa tano iko juu, ndiyo, lakini ukigeuza inashuka chini, na x ikiwa tano unagawanya kwa sifuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo. Nilitamani kuweka tiki tu, nimwachie tai yake.

"Baba, bado marufuku moja."

Akaitazama karatasi. Kisha akashika ukingo wa meza, akasimama.

"Si ukae, Mwalimu," Mama akasema. "Chakula kinapoa."

"Sijaipata."

Mama akapakua. Mimi na Mama tukala, Baba akiisoma karatasi kutoka juu hadi chini, halafu tena kutoka juu. Nilipotoka nje kumpigia simu mkuu wa shule, bado alikuwa amesimama.